Matumbo Yaliyonyamazishwa

Saa moja kamili asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya mitihani, nilibandika kidole gumba kwenye kioo cha Msomaji, na matumbo ya wasichana arobaini na watano wa Kidato cha Nne yakanyamaza kwa mpigo mmoja. Nilisubiri neno KIMYA liandikwe mbele ya kila jina, nikayahesabu yote, kisha nikanywa uji wangu. Saa mbili waliingia ukumbini kuandika Hisabati, wima, nyuso zimetulia, na mimi nikabaki zahanati nikijipongeza. Siku zile sikuwa mchoyo wa kujipongeza.

Naitwa Bupe Mwakatundu, nesi wa Shule ya Wasichana Isumba, huku Rungwe ambako mvua haisubiri msimu. Kila msichana anayejiunga nasi humeza punje siku ya kwanza, kitu kidogo kama ulezi, ambacho hujishikiza ndani ya utumbo na kukaa hapo miaka minne. Punje hutuma habari kwa Msomaji, mtambo ulioko zahanati, nao hutoa rangi. Nyekundu maana yake kuna kidonda, uvimbe, minyoo, kitu ambacho jicho la daktari lingekiona. Njano maana yake tumbo linauma kweli na hakuna kilichoharibika, ila utumbo na ubongo hawaelewani. Mwenye njano hufunguliwa kimya: punje inatuliza mishipa ya fahamu ya tumbo na maumivu hayapandi kichwani. Mwenye nyekundu hurudishwa nyumbani mpaka hospitali iandike kuwa amepona, na kama ni wakati wa mtihani, basi mtihani umempita.

Wenye njano ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Katika kila wasichana wanne wa umri ule, mmoja tumbo linamsumbua namna hiyo: linajaa, linasokota, linafunga wiki nzima, linafunguka asubuhi ya mtihani. Nilipoanza kazi, watoto hao waliitwa wavivu. Matroni aliyekuwepo alikuwa akiwapa ufagio ili maumivu yaishe. Nilipigana naye miaka miwili, na ukiniuliza leo nitakujibu vilevile, kwamba maumivu yasiyo na kidonda ni maumivu, na anayeyakana aombe yasimfike.

Kosa langu ni kwamba niliwapenda mno wenye njano. Ili wasiogope, niliwatungia wimbo kutokana na maswali manne ambayo Msomaji huuliza kabla ya kutoa rangi:

Laja na kwenda,
halina makazi,
nikitoka chooni napata nafuu,
usiku nalala.

Waliuimba mstarini, waliuimba wakimenya viazi. Watu wa mkoa walipokuja kukagua waliurekodi, wakanipigia makofi.

Na nilikuwa na wangu humo. Tusekile ni mtoto wa marehemu dada yangu Sekela, nimemlea tangu akiwa na miaka sita. Shuleni ananiita Nesi kama wenzake, nyumbani mama mdogo. Tumbo lilimwanza akiwa na kumi na mbili, na katika shule nzima sikuwa na njano iliyokolea kama yake. Mwaka wa jana kulikuwa na hitilafu na kimya kikachelewa kufunguliwa siku ya mtihani wa majaribio. Alirudisha karatasi nyeupe, ina jina lake tu. Aliniambia siku hiyo kwamba alikuwa anaijua kila hesabu.

*

Saa tatu kasoro, Mama Lusekelo wa jikoni aliniletea chai. Huyo mama hawezi kuweka kikombe mezani bila kuweka na neno.

"Nesi, kumbe wimbo wako siku hizi unatibu na kutapika?"

Nilicheka, nikamuuliza kisa gani tena. Akanieleza bila haraka, amejiegemeza mlangoni. Jana Jumapili mchana alikwenda kuteka maji nyuma ya mabafu ya Kidato cha Nne. Akasikia mtu anatapika ndani, anatapika hasa, mpaka akabaki anatema mate. Kila alipopumua alikuwa akiimba polepole yale maneno yangu. Laja na kwenda. Halina makazi. Kisha anatapika tena. Mama Lusekelo aligonga mlango, yule wa ndani akanyamaza. Akagonga tena, akajibiwa kwa sauti ya kunong'ona kwamba ni njano tu, mama, ni njano.

Nilimuuliza ni nani. Hakujua. Sauti ya mtu anayetapika, alisema, haina mwenyewe. Hakuja kuniambia kwa sababu alidhani ni mambo yangu, na wimbo si niliwafundisha mwenyewe?

Nikaweka kikombe chini. Nakumbuka nilikiweka pembeni kabisa ya meza, na Mama Lusekelo akakisogeza ndani kisidondoke.

Wimbo ule ulikuwa maswali ya Msomaji. Hapana, ulikuwa majibu yake. Miaka mitatu nilikuwa nimesimama mbele ya wasichana mia sita nikiwafundisha, kwa sauti ya pili na ya tatu, namna ya kujibu ili mtu aandikwe njano. Na nani asingependa njano wiki ya mtihani? Kimya kinazima hata ule woga unaokaa tumboni. Nyekundu inakurudisha nyumbani. Msichana mwenye ugonjwa wenyewe alichohitaji ni kukumbuka mistari minne.

Najua utakachosema, kwamba punje ingeona. Punje inaona pale ilipojishikiza na pale chakula kinapopita. Kuna kidole tumbo, kile kipande kidogo kinachoning'inia kulia, hakina njia ya kutokea. Kikivimba, punje hukaa mlangoni bila kujua kinachoendelea chumbani. Ndiyo maana waliouunda mtambo waliweka maswali manne. Kidole tumbo hakiji na kwenda. Kikianza kimeanza, kinahamia kulia na kukaa hapo, na kisipotolewa kinapasuka.

Niliwasha kioo. Joto la mwili: wasichana kumi na mmoja kati ya wale arobaini na watano walikuwa na homa, kwa sababu mafua yalikuwa yanazunguka mabwenini wiki nzima. Zaidi ya hiyo, hakuna kitu. Arobaini na tano, njano, kimya. Mmoja wao huenda tumbo lake lilikuwa linaoza, na mimi kwa kidole changu nilikuwa nimemnyang'anya kitu pekee ambacho kingemfanya apige kelele.

*

Mkuu wa shule, Mwalimu Subilaga, alinisikiliza akiwa amesimama kwenye varanda ya ukumbi. Ndani tulisikia kalamu tu. Si mwanamke mbaya. Wakati nilipopigana na matroni yule, ni yeye aliyesimama upande wangu. Aliuliza kama ningeweza kuwapima tumbo mmoja mmoja kwa mkono. Nikamwambia tumbo lililonyamazishwa ukilibonyeza halisemi. Akauliza kama ningeweza kumwondolea kimya mtu mmoja mmoja. Nikamweleza kwamba kimya hufungwa, yaani huzimwa, kwa darasa zima, na kumtoa mtu mmoja kwenye orodha ya darasa lake huchukua dakika kumi, Msomaji ukimsoma upya. Watu arobaini na watano ni saa saba na nusu.

"Kwa hiyo unataka kufunga kwa wote."

"Ndiyo, Mkuu."

"Na kurudisha?"

Nikamwambia kwamba mishipa ikishaamshwa haikubali kunyamazishwa tena kabla ya siku tatu. Siku tatu zile zilikuwa Hisabati, Kiswahili, Baiolojia, Kiingereza na Jiografia.

Alivua miwani akaifuta na ncha ya kitenge. Alisema mambo mawili, na yote mawili yalikuwa kweli. Kwamba mtu niliyekuwa namtafuta huenda hakuwepo, pengine alikula viazi vilivyochacha akatapika, yakaisha. Na kwamba wale wengine walikuwepo, tuna majina yao, tunajua nani baba yake ameuza shamba na nani akifeli anaolewa Krismasi. Aliomba nisubiri mpaka saa tano, karatasi zikusanywe.

"Mkuu, kama kilianza jana mchana au kabla, saa tano ni mbali."

"Kama," alisema. "Bupe, unataka kuwaumiza watoto arobaini na nne kwa neno kama."

Kidole gumba kilikuwa changu, sheria iliniachia mimi peke yangu, na yeye alijua hivyo. Alivaa miwani yake, akaniambia atakachoandika kwenye ripoti ataandika ukweli. Nikamwambia sitegemei kingine.

*

Hapa ndipo ninapopaona kila ninapofumba macho.

Nilirudi zahanati, nikafungua orodha ya Kidato cha Nne. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Nilikuwa nimeshaamua. Mkono ulikuwa tayari. Na jina la thelathini na nane lilikuwa Tusekile.

Nikamwona tena na ile karatasi nyeupe.

Sikufikiri kwa muda mrefu, nisijifanye nilipambana sana na nafsi. Nilijiambia kwamba wa kutafutwa ni yule aliyejificha kwenye njano, na Tusekile hakujificha, njano yake naijua tangu akiwa na kumi na mbili. Tumbo lile nimelikanda kwa mafuta, nimelipikia ndizi laini, nimelala nalo kitanda kimoja. Mtu unayemjua hivyo unampima nini? Nikasema, kumwacha huyu hakumdhuru mtu. Damu ni nzito, na ikitaka hoja haikosi.

Kidato cha Tatu nao walikuwa na mitihani yao ya muhula, kimya chao kilikuwa kimefunguliwa. Nilibonyeza jina lake, nikabonyeza AMEHAMA DARASA, nikamwingiza kwenye orodha ya Kidato cha Tatu. Msomaji ukaanza kumsoma upya. Dakika kumi. Nilikaa nikizitazama zikipungua, dakika kumi nzima ambazo mtoto wa mtu, kwa kadiri nilivyojua, alikuwa anakaribia kupasuka. Nilizitoa bila mtu kuniomba.

Zilipoisha, jina lilikaa mahali pake papya. Nikabandika kidole. Kimya cha Kidato cha Nne kikafungwa.

*

Msimamizi wa mtihani, bwana mmoja mkimya kutoka wilayani, aliniruhusu kuingia kwa sharti nisiseme neno linalohusu maswali. Nilisimama mbele ya ukumbi nikiwa na karatasi ya majina mkononi.

Maumivu hayakurudi kwa wote pamoja. Msichana wa mstari wa mbele aliinua kichwa kama aliyeitwa. Wa pili akaweka mkono tumboni. Halafu kalamu zikaanza kusimama, moja hapa, mbili kule, na ukumbi ukajaa pumzi za watu wanaojizuia. Mmoja alilaza shavu juu ya karatasi. Mwingine, Anyisile, kiranja wa bweni, alinitazama moja kwa moja na kuniuliza kwa midomo bila sauti: kwa nini? Nilitaka kupiga magoti pale pale. Tisa au kumi kati ya wenye njano waliendelea kuandika bila kubadilika. Hao walijifunza wimbo tu, nami nilikuwa nimeuandikia mkoa kuwa ni wagonjwa.

Nilipita meza kwa meza, nikitia alama mbele ya kila jina nililolipima. Kila mwenye njano nilimnong'oneza asimame, anyanyuke kwa ncha za vidole, kisha ajiachie na kudondosha visigino chini. Ni kipimo cha zamani, nilifundishwa na nesi aliyezaliwa kabla ya punje. Mwenye kidole tumbo kilichovimba hawezi, mtikisiko ule unamkunja. Walisimama, wakatetemeka, wakadondosha visigino. Wakakunja nyuso kwa maumivu yaliyoenea tumbo zima, maumivu ya njano, yasiyo na makazi. Hakuna aliyeshika upande wa kulia. Nilimaliza wa mwisho saa nne kasoro robo. Hakuna.

Mwalimu Subilaga alikuwa mlangoni. Hakuniuliza, aliona usoni. Aliwatazama wasichana waliojikunja juu ya meza zao, kisha akaniambia kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko matusi, kwamba angalau sasa tuna uhakika.

Nikasema ndiyo. Nikaangalia karatasi ili nimtajie hesabu kamili. Alama zilikuwa arobaini na nne.

Sidhani kama nilifikiri chochote. Niligeuka tu nikatazama meza ya karibu na dirisha, meza ambayo nilikuwa nimepita kando yake mara mbili. Tusekile alikuwa anaandika. Uso wake ulikuwa shwari. Jasho lilikuwa linamtiririka kutoka kwenye nywele mpaka kwenye kola, asubuhi ile ya baridi, na mguu wa kulia alikuwa ameukunja juu ya kiti kama mtu ambaye hawezi kuunyoosha na hajui kwa nini.

Nilimnong'oneza asimame, adondoshe visigino. Akafanya, hakusikia kitu. Angesikiaje? Lakini alivyosimama alisimama amepinda, na karatasini mwake, chini ya swali la tatu, alikuwa amenakili mstari uleule wa hesabu mara sita.

Kumrudisha kwenye orodha yake kungechukua dakika kumi. Nilitoa mfukoni kibao cha mkononi kilichounganishwa na Msomaji, nikabandika kidole, nikafunga kimya cha Kidato cha Tatu. Darasa zima, wasichana thelathini na wanane, katikati ya mtihani wao. Sikumwomba Mkuu ruhusa. Kutoka jengo la pili tulisikia viti vikisukumwa.

Tusekile aliweka kalamu chini taratibu. Halafu alishika upande wa kulia kwa mikono yote miwili na akateleza kutoka kitini. Nilimdaka. Alikuwa anawaka moto. Midomo yake ilinitafuta sikio.

"Mama mdogo," alisema, "hili si lile."

"Najua, mama. Najua."

"Jana nilijiimbia. Nikasema ni lile lile, litaisha. Wewe ndiye uliyeniambia mimi ni njano."

Hakuwa amemdanganya mtu, si mimi wala Msomaji. Alikuwa ameniamini.

*

Tulimlaza kwenye varanda, juu ya kanga za wapishi. Mwalimu Subilaga alikaa chini kabisa kwenye saruji na suti yake ya kitenge, akaweka kichwa cha mtoto mapajani. Gari la hewa la hospitali lilikuwa limeshanyanyuka Mbeya, na daktari wa zamu, mwanamke mwenye sauti kavu, alikuwa kwenye kibao akiuliza maswali ili watakapotua wajue wanachokutana nacho. Umri. Uzito. Mzio wa dawa. Nilijibu yote haraka, hakuna anayemjua kama mimi.

Nilipombonyeza upande wa kulia na kuachia, Tusekile alilia mara moja kisha akanyamaza, macho yamefumba. Nikamweleza daktari. Akasema huenda bado hakijapasuka, muda upo ila si mwingi. Halafu akauliza swali ambalo lilikuwa la kwanza kwenye fomu yake tangu mwanzo.

"Maumivu yalianza lini?"

Nikafungua mdomo. Jana alitapika, hiyo naijua kwa kuambiwa. Ilikuwa Jumamosi? Ijumaa? Leo tangu saa moja asubuhi hakukuwa na maumivu ya kuhesabu. Daktari alirudia swali, akasema masaa ndiyo yatakayomwambia aingie kwa njia gani.

"Sijui," nikasema. "Nilimzimia maumivu."

"Ulimzimia saa ngapi mpaka saa ngapi?"

"Saa moja mpaka saa nne kasoro dakika tano."

Mwalimu Subilaga aliinua kichwa. Ni mwalimu wa Hisabati, hilo sikuwa nimelisema. Alinitazama juu ya paji la uso wa mtoto, mkono wake haukuacha kumfuta jasho.

"Kidato cha Nne ulikifunga saa tatu na nusu," alisema. "Nilikuwa hapa. Niliona wenzake wakianza kuumia. Huyu alikuwa wapi?"

Daktari alikuwa anasikiliza. Ndani ya ukumbi kulikuwa na watoto wa watu wamejikunja juu ya karatasi zao, na baadhi walikuwa karibu na dirisha kiasi cha kusikia. Nilimshika Tusekile mguu, ule wa kushoto usiouma, kisha nikawaambia wote, kwa sauti ya kutosha, kwa nini jina la mwanangu lilikuwa kwenye orodha ya Kidato cha Tatu.